Tumbo Lenye Kona

Sehemu ya Sita

Katika hadithi hii sijawaficha kitu. Andikeni mahali, mgonge na mhuri: tangu sehemu ya kwanza hadi leo, kila nilichokijua nimewapa, sikubakiza hata chenga. Kwa hiyo acheni kunitumia ujumbe wa kuniuliza nani aligonga mlango. Nawaambia sasa hivi.

Tulimwacha Kufuli chumba cha chini, masjalani, kasimama katikati ya makabati ya chuma. Vifungo vitatu vya shati viko wazi. Jalada la daraja kalizamisha ndani, limelala juu ya kitambi, mkanda umelibana. Mlango ukagongwa mara tatu.

Aliyepandia njiani asihangaike, nampa kwa ufupi. Daraja la waenda kwa miguu lilianguka, watu watatu wakafa. Fundi aliyelichomelea akakamatwa, akatupwa rumande, hukumu baada ya wiki nne. Lakini ndani ya jalada hilo kuna barua ya fundi mwenyewe, aliyoiandika kabla hajachomelea hata chuma kimoja: "Vyuma mlivyoniletea ni vyembamba. Daraja hili halitabeba watu." Chini yake, kwa wino wa kijani, Mkubwa wa Idara kaandika neno moja: "Aendelee."

Barua hiyo ikitoka, fundi anarudi nyumbani, na Mkubwa anakwenda kulala pale alipolala fundi.

Sasa Kufuli anaingiaje? Kufuli ni karani wa masjala. Miaka ishirini na miwili yuko chini ya ardhi, jua la saa nne analisikia kwa wenzake. Mkubwa alimwahidi kiti ghorofa ya tatu, kiti chenye dirisha. Kwa ajili ya dirisha, Kufuli angemtia hata mama yake mzazi kwenye bahasha na kuilamba.

"Nani?" akauliza, jasho likimtoka.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa ndoo."

Akashusha pumzi. Alikuwa mfagizi, mama wa makamo ambaye jengo zima lilimwita Bi Ndoo kwa sababu ndoo ilitangulia kuonekana.

"Ingia, fanya haraka, utoke."

Bi Ndoo akaingia, akaweka ndoo chini, akamtazama kuanzia viatuni kwenda juu. Macho yakakwama kiunoni.

"Leo umeshiba, mzee."

"Gesi."

"Gesi yenye kona?"

Kufuli akaweka mkono tumboni. Kona ya jalada ikamchoma kiganja.

"Bi Ndoo, uliajiriwa kwa mikono au kwa macho?"

"Kwa mikono."

"Basi macho uwe unayaacha nyumbani. Na kama una la kusema, panda ghorofa ya tatu ukaliseme. Uone kama kuna atakayekuuliza jina. Miaka tisa unadeki humu, nani analijua jina lako? Mimi silijui, na sina haja nalo."

Bi Ndoo akazamisha tambara majini, akalikamua taratibu kama shingo ya mtu. Ni kweli, jina lake hakuna aliyelijua.

Kufuli akaona ameshinda. Lakini dakika mbili kabla ya mlango kugongwa alikuwa ameshafanya kosa ambalo mwizi wa kawaida asingelifanya hata akiwa amelewa. Lilihitaji karani wa masjala.

Iko hivi. Jalada likitolewa kwenye rafu, pengo haliachwi wazi. Inachomekwa kadi nyekundu: jalada gani, nani kalichukua, tarehe, saa. Kufuli kafanya hivyo asubuhi na mchana kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mkono wake haungojei tena kuambiwa na kichwa. Basi mwenzenu kaiba jalada, halafu kavuta kadi, kaandika jina lake kamili, tarehe, saa tano na dakika kumi, kwa mwandiko wa kupewa zawadi. Kachomeka. Kasahau papo hapo.

Baada ya kumnyamazisha Bi Ndoo, akatoka hadi kwenye kibanda cha fotokopi chini ya ngazi. Mkubwa alitaka nakala moja ya ile barua, aisome kwa nafasi ajue ni nini hasa cha kukana. Mtu wa fotokopi akafunika mashine, mwanga ukapita, karatasi ikatoka ya moto. Huyo hana maana katika hadithi hii, tumpite.

Kufuli akarudi masjalani na barua halisi, Bi Ndoo naye akarudi kumalizia sakafu. Akaichana mara mbili, mara nne, mara nane, akaimwaga ndani ya ndoo ya Bi Ndoo, mbele ya macho yake.

"Dekia," akamwambia.

Naye akadekia. Wino wa kijani ukabaki sakafuni kama kamasi, akaufuta pia.

*

Siku mbili baadaye ilitimia siku ya thelathini.

Siku ya thelathini ndiyo siku ambayo mke wa fundi alitakiwa kupewa jibu. Mnamkumbuka: msusi, vidole vyembamba, sauti ndogo. Aliomba kwa maandishi apewe nakala ya barua ya mumewe, na tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila Jumatatu kusimama kwenye dirisha la masjala, na kila Jumatatu Kufuli alikuwa na jipya. Jumatatu ya kwanza, fomu ijazwe kwa wino wa buluu. Ya pili, buluu imefutwa, ni mweusi. Ya tatu alimwambia ataje namba ya jalada, namba ambayo imeandikwa kwenye jalada, jalada lenyewe limefungiwa ndani. Ya nne alimwambia tu, "Leo sura yako imenichosha."

Sasa msusi kafika. Nyuma yake foleni ya watu tisa, wa mbele kabisa mzee mstaafu aliyekumbatia bahasha yake ya pensheni kama mtoto mchanga.

"Shemeji!" Kufuli akamkaribisha kwa furaha. "Jibu lako hili hapa, limepigwa chapa na mhuri. Haya, lisome. Kwa sauti, ili na foleni ijifunze."

"Nitalisoma nyumbani."

"Hapa ndipo ofisi. Husomi, linarudi kabatini."

Msusi akaikunjua karatasi.

"Kuhusu ombi lako la nakala ya barua iliyomo katika jalada la daraja... unaarifiwa kuwa jalada hilo halikuonekana. Limepotea. Tunakushukuru kwa... kwa ushirikiano wako."

"Umeruka mkato," Kufuli akasema. "Lakini umejitahidi."

Kuna waliocheka. Binadamu ni kiumbe wa ajabu, akiwa kwenye foleni ndefu atacheka chochote mradi dirisha lisifungwe.

"Limepotea vipi?" msusi akauliza.

"Kama linavyopotea lolote. Kwani wewe hujawahi kupoteza kitana?"

"Baba, humo ndimo alimo mume wangu."

"Mumeo yuko rumande, humu yamo makaratasi. Usichanganye mambo. Halafu nikwambie kitu, shemeji, kwa kuwa nakuhurumia: wanaume hawajaisha. Huyo akitoka utakuwa na mvi, utajisuka peke yako ukijitazama kwenye kioo. Tafuta mwingine mapema, ila safari hii chukua seremala. Mbao zikivunjika haziui wengi."

Hakuna aliyecheka sasa. Mstaafu akakohoa.

"Samahani, bwana. Kama jalada la daraja limepotea, hili langu la pensheni je? Nalo si linaweza kupotea?"

Jamani, mstaafu wa watu hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa ameugusa ule mfupa mmoja wa heshima uliobaki katika mwili wa Kufuli.

"Lipotee?" Kufuli akasimama. "Kwangu? Mzee, ngoja nikufundishe kazi. Humu ndani jalada likitoka, hata kwa dakika moja, hata akilitaka Mkubwa mwenyewe, mahali pake inakaa kadi nyekundu. Jina la aliyelichukua, tarehe, saa! Miaka ishirini na miwili haijakosekana kadi hata moja. Kwangu hakipotei kitu!"

Nzi alitua kwenye mhuri, akasikika.

"Basi," msusi akasema kwa ile sauti yake ndogo, "naomba hiyo kadi."

"Kadi gani?"

"Ya jalada la daraja. Nijue nani kalichukua."

"Unaitakia nini?"

"Siulizwi."

"Eti?"

"Geuka nyuma, toa koti lako."

Nyuma ya Kufuli palikuwa na tangazo la serikali kuhusu haki ya mwananchi kupata taarifa. Lilibandikwa na watu wa makao makuu, na siku hiyohiyo Kufuli akapigilia msumari juu yake akatundika koti. Alichosahau ni kwamba asubuhi za baridi alilivaa. Jumatatu baada ya Jumatatu, msusi alikuwa anasimama pale akitukanwa huku anasoma mistari miwili miwili.

Kijana mmoja kwenye foleni akanyoosha mkono kupitia nondo, akalivuta koti. Likaanguka. Watu wakasoma kwa pamoja kama darasani: mwananchi yeyote anaweza kuomba kupewa au kukagua taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Halazimiki kueleza anaitakia nini. Akikataliwa apewe sababu kwa maandishi, na asiporidhika aende kwenye Tume.

Walipofika mwisho, msusi alikuwa ameshajaza fomu mpya juu ya kizingiti cha dirisha. Wino mweusi, na maneno yote akayapigia mstari kwa buluu.

"Gonga mhuri wa kupokea. Na nakala yangu nayo."

Kufuli akagonga, paa, paa, huku anacheka. "Siku thelathini nyingine, shemeji. Mumeo atakuwa ameshahukumiwa."

"Si lazima nipewe leo. Nataka kuiona tu. Tangazo linasema naweza kuomba kuikagua, na mimi naiona kutoka hapa. Rafu ya tatu. Ile nyekundu."

Shingo tisa zikarefuka. Kweli, kwenye rafu ya tatu, kati ya majalada ya rangi ya udongo, kadi moja nyekundu ilikuwa imetoa ulimi.

Kufuli akaenda kwa mwendo wa maringo. Moyoni alikuwa hana wasiwasi kabisa. Hakumbuki kuandika kadi, kwa hiyo hakuna kadi, na kama ipo basi ni ya mtu mwingine. Akaichomoa. Akaisoma.

Aliutambua mwandiko kabla hajalitambua jina. Alifikiri, huyu anaandika vizuri. Kisha akafika kwenye jina.

"Tusomee!" mstaafu akasema. "Kwa sauti, ili na foleni ijifunze."

Kufuli akatazama mlango: uko upande wa foleni. Akatazama kabati: funguo ziko mezani, mbele ya macho yao. Akatazama kadi. Basi akafanya jambo ambalo ningelitunga mimi mngenirushia viatu.

Akaitia mdomoni.

"Anakula!"

"Anakula nini?"

"Kadi! Mama yangu, mtu mzima anakula kadi!"

Kadi ya masjala ni karatasi ngumu, imetengenezwa ili idumu miaka hamsini, na kooni mwa Kufuli ilikusudia kuitimiza. Akatafuna, akapaliwa, machozi yakamtoka, rangi nyekundu ikamchuruzika kidevuni. Foleni ikawa inamhesabia tafuno moja moja.

"Mpeni maji," mstaafu akasema, "asije akafa na pensheni yangu."

Akameza. Akajifuta kidevu kwa mkono wa shati. Akainama dirishani, midomo miekundu, akauliza kwa upole:

"Kadi gani?"

*

Msusi akaenda kwenye Tume na nakala yake yenye mhuri. Tume ikampa tarehe. Lakini mahakama nayo ina tarehe zake, na ya mahakama ikatangulia.

Wiki tatu zilizopita, siku ileile ambayo wengi wenu mlikuwa mnapasuka mbavu na sehemu ya tatu, fundi alisimamishwa kizimbani. Akasema aliandika barua. Akaulizwa iko wapi. Akamtazama mkewe. Hakimu akasema neno tupu halina uzito, watu watatu wamekufa. Miaka saba.

Alipopandishwa kwenye gari alipitisha vidole kwenye wavu.

"Umeipata?"

"Bado."

"Usichoke," akamwambia, naye ndiye aliyekuwa anakwenda.

Amebakiwa na rufaa, na mwisho wa kuikata ni Jumatatu hii.

Na juzi Alhamisi, Tume ikakaa.

Kufuli alikuja na tai. Alikuwa ameshahamia ghorofa ya tatu, kiti kapewa, dirisha kapewa. Linatazama ukuta wa jengo la pili, mkono ukinyooshwa unagusa. Hata hivyo ni dirisha. Alikaa bega kwa bega na Mkubwa, akajiona mtu.

Mwenyekiti wa Tume, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, akamuuliza kuhusu kadi.

"Sikumbuki kula chochote, mheshimiwa. Nilikuwa nimefunga siku hiyo."

Mstaafu akaitwa. Akaapa kwamba kadi aliiona, ilikuwa nyekundu, ilitafunwa mara arobaini na moja. Jina lililoandikwa? Hapana, macho yake hayafiki mbali hivyo.

"Na wewe?" Mwenyekiti akamgeukia Mkubwa. "Huyu karani wako alitumwa na nani?"

"Karani wangu?" Mkubwa akamtazama Kufuli kama anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli. "Mheshimiwa, huyu ni wa chini. Huko chini mimi sijawahi kufika. Nilimpandisha juzi tu, kwa huruma, tulipoona anaanza kula makaratasi."

Akavuta kiti chake pembeni. Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, na Kufuli aliusikia mkwaruzo huo mpaka kwenye meno. Akataka kusema, mkubwa, si uliniambia mwenyewe? Lakini koo, tangu siku ya kadi, halikuwa la kutegemea. Ikatoka pumzi tu.

"Shahidi wa mwisho," Mwenyekiti akasema.

Mlango ukafunguka. Kufuli aliitafuta ndoo kwanza, hakuiona, ndiyo maana alichelewa kumjua.

"Jina lako, mama?"

Bi Ndoo akalitaja. Majina matatu, lake, la baba na la babu, wazi na polepole, na karani wa Tume akayaandika yote. Kufuli aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Akaeleza. Tumbo lenye kona, barua mara mbili, mara nne, mara nane, ndoo, neno "dekia". Watu wakaguna. Msusi alikuwa amefumba macho.

"Kwa hiyo barua haipo tena," Mwenyekiti akasema kwa huzuni.

"Ile halisi haipo. Nakala zipo mbili."

Kufuli akainua kichwa. Mbili? Yeye aliomba moja, akampa Mkubwa moja.

"Alipotoka masjala nilimfuata na ndoo, nikawa nadeki ngazi," Bi Ndoo akaendelea. "Mashine ililia mara mbili. Ya kwanza akampa huyu mzee Kufuli. Mzee alipogeuka, ya pili akaisukuma chini ya bunda la karatasi. Aliniona. Akaniwekea kidole mdomoni, hivi, na kucheka."

"Nani?"

Bi Ndoo akanyoosha mkono. Kidole kikampita Kufuli, kikampita Mkubwa, kikaenda hadi benchi la nyuma yao ambako palikuwa na mtu mmoja ana daftari, anaandika haraka haraka.

"Yule. Mtu wa fotokopi. Ndiye anayeandika hadithi hii gazetini. Binti yangu hunisomea kila wiki, na kila wiki nangoja afike hapo kwenye mashine, aseme zilikuwa mbili. Akifika atajipita, nawaambieni."

Kalamu ikasimama.

Wasomaji wangu, sasa mnajua nilikuwa nimekaa wapi.

"Kijana, simama," Mwenyekiti akasema.

Nikasimama. Mkubwa akaegemea nyuma mpaka kichwa chake kikanikaribia, akanong'ona bila kugeuka: "Ghorofa ya tatu kuna kiti kitakuwa wazi kesho. Unapenda dirisha?" Kufuli alisikia. Alikitazama kiti chake cha pale Tume kana kwamba nacho kinaondolewa.

Msusi akafumbua macho. Hakuja juu, hakulia. Sauti yake ileile ndogo.

"Shemeji, sehemu ya tatu ilipotoka, ulikuwa nayo?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Nilikuwa na majibu matatu, yote ya kuchekesha. Nikasema, "Barua gani?"

"Msimsikilize," Bi Ndoo akasema. "Tazameni mfuko wa koti lake. Nao una kona."